Kumi na Tisa Ndani ya Boti Namba Nne

Mgeni rasmi, Bwana Sikander Virani, Mkuu wa Huduma za Abiria na Mabaharia. Mwenyekiti wetu, Bi. Naqiya, wazee wenzetu, majirani wa ghorofa zote, na ninyi watoto mliofuata sambusa na mnajijua:

Sisi wanachama wa Umoja wa Chai ya Alhamisi, Thorncliffe Park, tunakusalimu kwa salamu za kila nyumba iliyomo ukumbini humu. Wa kusema Bwana asifiwe wamesema, wa kusema Ya Ali Madad wamesema, na aliyekuwa anatafuna atakusalimu akishameza.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, ulipotupigia simu kusema kwamba kampuni yako ingependa kuja kutuomba radhi kwa yaliyotokea safarini Septemba iliyopita, tulijibu "karibu" kabla hujamaliza sentensi. Tulikutaka uje Alhamisi kwa sababu ndiyo siku yetu ya chai, na kwa sababu siku nyingine ukumbi huu una darasa la mazoezi na hatupendi kutazamwa na watu wanaoruka.

Tunakiri kwamba ulipoanza kuongea Kiswahili kwenye simu, Bi. Naqiya alidhani ni shemeji yake wa Thornhill anamtania, akakuambia uache upuuzi. Umekwisha kumsamehe, tumeona. Ulitueleza kuwa mlitoka Mwanza ukiwa na miaka tisa, na kwamba Kiswahili chako umekitunza jikoni kwa mama yako, Bi. Gulzar, kule Richmond Hill. Ukasema mama yako, na miaka yake themanini na minne, bado humsindikiza mgeni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye lifti, anashuka naye, anafika naye kwenye gari, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza, dirisha likiwa wazi, hata mwenye gari analazimika kuzima injini.

Tafadhali iweke akilini habari hiyo ya mama yako. Tutairudia.

HISTORIA FUPI YA UMOJA

Umoja wetu ulizaliwa siku lifti zote mbili za jengo hili zilipoharibika kwa pamoja. Tulikwama pale chini na mifuko ya sokoni, kila mmoja akijifanya anasoma matangazo ukutani. Mama Godelive, anayekaa ghorofa ya kumi na nne na ambaye goti lake halitaki ngazi, aliketi juu ya gunia lake la mchele akasema kwa sauti, "Mimi hapa ndipo nyumbani mpaka mashine ipone." Mtu wa ghorofa ya pili akaleta chupa ya chai, mwingine vikombe. Saa nne baadaye, lifti ilipopona, tulikuwa tumeshajuana kiasi cha kuweza kusengenyana. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, nasi hatujaibadilisha.

Leo tuko thelathini na wawili. Wengi tumetoka Burundi na Kongo ya mashariki, wengine Tanzania na Kenya. Tulio wengi tumestaafu kazi za kulea wazee wa watu, na sasa tumekuwa wazee sisi. Wengine tulifungasha bidhaa viwandani. Katibu wetu alikagua katoni za biskuti kwa miaka kumi na sita kule Scarborough, na hajaacha kuhesabu. Huhesabu vikombe, huhesabu viti, na tukipanda basi hutuhesabu sisi kama kuku wanaorudi bandani. Tunamvumilia, maana hajawahi kukosea, na hilo yeye mwenyewe hulisema mara kwa mara. Mtalikumbuka hilo pia.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa, mgeni rasmi, ni kwamba tumepanda meli.

Tulijiandaa miaka miwili. Watu kumi na tisa kati yetu tulichukua basi hadi Montreal, na hapo tukaingia kwenye meli yenu, Aurelia, kwa safari ya siku saba. Tungependa ujue kwamba tulistarehe. Vitanda vilikuwa vizuri. Chakula kilikuwa kingi kiasi cha kututia aibu. Tuliona miti ya vuli imewaka rangi kando ya mto, na Mama Godelive alikaa nje na blanketi lake akasema hajui kama ameshawahi kukaa siku nzima bila mtu kumwita. Kwa hayo tunawashukuru kwa dhati, na tunaomba shukrani hizi zisichanganywe na maneno yatakayofuata.

Siku ya tano tulifika kwenye mji mdogo wa pwani, jimbo la Maine, upande wa Marekani. Kwa faida ya waliobaki nyumbani tunaeleza: bandari ile ni ndogo, meli kubwa haiwezi kuifikia. Hutia nanga mbali, kisha boti zinazoning'inia ubavuni hushushwa majini, abiria wanaingia kwa mafungu, wanapelekwa gatini, na jioni wanarudishwa vivyo hivyo. Kila fungu hupewa namba yake. Sisi tulipewa namba tatu, tukashuka na namba tisa. Kwanza tuliwangoja wenzetu wawili waliorudi chumbani kuchukua makoti. Halafu tulikuwa mlangoni, na kila aliyekuja nyuma yetu tulimwambia "pita, pita, tangulia," kama tulivyofundishwa, nao wakapita. Hatukujua kwamba katika nchi hizi ukimwambia mtu apite, anapita kweli.

Mama Godelive alikuwa na sababu kubwa ya kushuka kuliko sisi sote. Mdogo wake, Joyeuse, anaishi mji wa Portland, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka gati lile, na alikuwa amekuja na watoto wake kumngoja. Dada hawa hawakuwa wameonana kwa miaka kumi.

Tunaomba dakika moja hapa, maana bila jambo hili mengine hayaeleweki. Mwaka 2015 watu walipokuwa wakikimbia Burundi, walifika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kwa maelfu, na meli ya kuwachukua ilisimama mbali kwa sababu maji ya ufukweni ni mafupi. Watu walipelekwa melini kwa boti ndogo ndogo. Godelive aliingia, boti ikajaa, Joyeuse akabaki ufukweni ameshika sufuria. Walimwambia boti itarudi. Siku ile haikurudi. Joyeuse akapita njia nyingine, kambi nyingine, na mwisho akafika Marekani. Godelive alifika kwetu. Wamezungumza kwa simu kila Jumapili tangu hapo, lakini hawakuwahi kuagana.

Basi asubuhi ile, Mama Godelive alipofika mlangoni mwa meli na kuiona boti inapanda na kushuka majini, alisimama. Alishika kizingiti tu. Foleni nyuma ikaanza kukohoa.

Mlangoni mwa boti alikuwa amesimama mwanamke mrefu mwenye koti la rangi ya chungwa. Ndiye nahodha wa boti namba nne, na jina lake ni Chelagat. Alisikia tunavyobembelezana, akatusemesha kwa lugha yetu. "Wazee wangu, mnatoka wapi?"

"Toronto," tukajibu.

"Toronto ni kwa kulala. Kwenu ni wapi?"

Tukacheka, hata waliokuwa na hofu. Alituambia yeye ni mtu wa Nandi, wa milimani, kwao maji mengi aliyoyajua utotoni yalikuwa ya ndoo. Kisha akamgeukia Mama Godelive, akampa mkono, akasema maneno ambayo tunayanukuu kama alivyoyasema:

"Mathe, nishike hapa. Hii boti naendesha mimi. Nikienda, narudi. Hiyo ndiyo kazi yangu siku mzima, kwenda na kurudi."

Mama Godelive akaingia.

Kuhusu siku yenyewe hatutasema mengi. Dada walipoonana gatini walishikana, wakakaa hivyo hadi mlinzi akatuomba tusogee kidogo tusizibe njia. Joyeuse alikuwa amepika sombe, maharage na ndizi katika hotipoti tatu. Tulikula kwenye nyasi za mjini pale, watalii wakatupiga picha wakidhani sisi ni sehemu ya mandhari. Bi. Naqiya aliwabusu watoto mmoja mmoja mashavuni. Tulikuwa na furaha, mgeni rasmi. Hatuna neno kubwa zaidi.

CHANGAMOTO

Katika risala za kawaida, hapa ndipo tungelalamika. Sisi hatuna malalamiko. Tuna kosa, na ni letu.

Barua yenu iliyotangulia kuja kwako inasema hivi: kwamba jioni ile nahodha wa boti hakuhesabu abiria ipasavyo, akamruhusu mtu asiyehusika kuingia, kisha akachelewesha meli dakika thelathini na nane, kwamba mnatuomba radhi kwa usumbufu, na kwamba hatua zinachukuliwa dhidi ya mhusika. Tumeisoma mara tatu. Tumetafuta mahali pa kuipokea radhi hiyo, hatukupaona. Mficha uchi hazai, na sisi tumeuficha tangu Septemba. Leo tunaufunua.

Ilikuwa hivi.

Jioni tulirudi gatini kupanda boti ya mwisho. Abiria wengine wote walikwisha kurudi melini, tulibaki sisi tu, kwa sababu kuaga kwetu huchukua muda, nawe una mama, unajua. Getini kila mmoja alipitisha kadi yake kwenye mashine. Mashine ikahesabu kumi na tisa. Mlinzi alimwona Mama Godelive anavyochechemea, akamruhusu Joyeuse apite naye amshike mkono hadi ukingoni. Mlinzi huyo alifanya utu, naye asilaumiwe.

Joyeuse alimfikisha dada yake ukingoni. Lakini mgeni hasindikizwi nusu. Akamshika hadi ndani ya boti. Akamkalisha. Akaketi naye kidogo, amfunge vizuri kitambaa cha shingo. Mara ya mwisho wao kutengana ilikuwa kwenye ukingo wa boti, na mikono yao haikutaka kuamini kwamba safari hii ni salama. Sisi wengine tulikuwa tumegeuka upande wa pili, tunawapungia watoto wake waliokuwa nyuma ya uzio, huku tunalia kama watu waliolipwa kulia.

Chelagat alihesabu vichwa. Tulimwona. Alihesabu kwa kidole, mara mbili, kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka nyuma kuja mbele. Akapata kumi na tisa, na mashine ya getini ilikuwa imesema kumi na tisa. Akafungua kamba.

Utauliza, mgeni rasmi: kama Joyeuse alikuwa ndani, na sisi tulikuwa kumi na tisa, mbona hawakuwa ishirini?

Kwa sababu mmoja wetu hakuwamo. Hotipoti za Joyeuse zilikuwa mikononi mwake. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na alikuwa amezijaza peremende na biskuti alizonunua mjini kwa ajili hiyo. Alipokwisha kupita getini ndipo alipokumbuka kwamba bado anazo. Akarudi hadi kwenye uzio, akampa binti wa Joyeuse, Jolie, zile hotipoti moja moja, akaanza kumuuliza habari za shule. Jolie alijibu kwa Kiingereza, naye akamsahihisha kwa Kiswahili, mambo yakarefuka.

Mtu huyo ni Katibu. Katibu ni mimi ninayesoma.

Naomba kwa ruhusa ya wenzangu niache kusema "sisi" kwa muda mfupi. Mimi, Tharcisse Bigirindavyi, niliyekagua katoni miaka kumi na sita, nilikuwa na orodha ya majina mfukoni na nilikuwa nimeweka alama kwa kila jina, la kwangu la kwanza kabisa, tangu asubuhi. Nilisikia injini. Niligeuka nikaiona boti inaondoka, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijisemea, "Afadhali, leo angalau tumeondoka kwa wakati." Nikapunga mkono. Ilinichukua muda kutambua kwamba ninayempungia ni mimi ambaye simo.

Sasa narudi kwenye "sisi".

Kule majini, Joyeuse alisimama akasema, "Godelive, mimi nashuka," na hapo ndipo wote tukageuka. Gati lilikuwa mbali tayari. Bi. Naqiya, ambaye ukarimu wake haujui mipaka ya nchi, alisema, "Basi twende naye tu, chai ya melini inatosha wote." Mama Godelive akapiga kelele ambayo hatujawahi kuisikia kwake:

"Hapana! Hawezi kutoka Amerika! Dosiye yake iko kwa jaji! Akitoka, imekufa!"

Na ndivyo ilivyo. Joyeuse na watoto wake wanangoja uamuzi wa hifadhi yao mwaka wa sita huu. Ametakiwa asivuke mpaka bila ruhusa. Ndiyo maana hawezi kuja kunywa chai hapa, ndiyo maana tulimfuata sisi. Meli yetu ilikuwa inang'oa nanga kuja Kanada.

Chelagat alimtazama Joyeuse, akatutazama sisi, akahesabu tena. Akasema, "Wazee wangu, hesabu iko sawa. Watu ndio hawako sawa." Akamuuliza Joyeuse swali moja tu: "Mama, nikikufikisha kwa meli, utakuwa umeharibikiwa?"

"Nitakuwa nimepoteza yote," Joyeuse akajibu.

Akazungusha usukani. Boti ilikwisha kugeuka ndipo aliposhika redio na kutoa taarifa. Tulisikia sauti kutoka melini ikimwambia aendelee kuja, mambo yatatatuliwa huko. Naye akajibu kwa upole kabisa kwamba ameshageuka.

Tulirudi gatini. Katibu alikuwa pale amekaa juu ya kiguzo cha kamba, mnyonge, anakula biskuti aliyobakishiwa na mtoto. Joyeuse akashuka. Na hapa, mgeni rasmi, kuna jambo ambalo haliko katika taarifa yoyote ya kampuni yako. Dada wale waliagana. Mmoja alisimama gatini, mmoja aliketi kwenye boti, wakatazamana, wakaambiana "kwaheri" kwa sauti, kila mmoja akaisikia ya mwenzake. Boti ilipoondoka, Mama Godelive alisema, "Ile ya kwanza haikurudi. Hii imerudi." Halafu akalala usingizi begani kwa Bi. Naqiya hadi melini.

Tungeishia hapo tungekuwa watu wema. Hatukuishia hapo.

Baada ya chakula afisa mmoja wa meli alikuja mezani kwetu na karatasi. Alikuwa mwungwana. Alisema nahodha wa boti namba nne ameandika kwamba abiria mmoja aliachwa gatini na ndiyo sababu hesabu ilimdanganya, lakini mashine ya getini inaonyesha kila mtu alipita. Akauliza, "Je, kuna yeyote kati yenu aliyebaki gatini?"

Tukatazamana. Katibu akatazama keki.

Hakuna aliyejibu. Tuliogopa Katibu atashushwa bandari ifuatayo. Tuliogopa Joyeuse ataandikwa mahali. Tena sisi ni watu ambao, afisa mwenye karatasi akiuliza "nani?", tumezoea tangu ujana kunyamaza kwanza, na wengine wetu tuko hai kwa sababu tulinyamaza. Hatusemi hivyo kujitetea. Tunakueleza tu ulikotoka ukimya ule. Afisa alingoja, akashukuru, akaenda zake, na neno la Chelagat likabaki peke yake, likaonekana kisingizio.

Tulijua hayo wiki mbili zilizopita tu. Mama Godelive alimpigia simu kumjulia hali, maana walibadilishana namba, na Chelagat akawa anajibu "poa, poa" mpaka Mama Godelive, aliyelea wazee wa watu miaka mingi na anajua mtu anapoficha maumivu, akamwambia aache kudanganya. Ndipo akasema kwamba ameondolewa kwenye usukani, anafua taulo, na kwamba Jumanne ijayo kikao kitaamua kama mkataba wake utaendelea au atarudishwa nyumbani. Hakutuomba kitu. Alisema, "Mathe, usijali, mlikuwa wageni wangu." Mama Godelive alikata simu akashuka ghorofa kumi na nne kwa ngazi, na lifti ikiwa nzima, akaja kugonga mlango wa Katibu.

MAOMBI

Mgeni rasmi, wageni rasmi huombwa mambo, na wewe umekuja unajua.

Kwanza, tunaomba kwenye mlango wa boti pawekwe kigoda cha kukanyagia, maana hatua ile ni ndefu kwa magoti ya umri wetu.

Pili, chai. Tunajua mna maji ya moto na tunajua mna maziwa. Tunachoomba ni vikutane jikoni, vichemke pamoja, na tangawizi iwepo. Mtu mzima hapaswi kujichanganyia chai mwenyewe kama anayetengeneza dawa.

Tatu. Asiyekuwepo na lake halipo, na Chelagat hayupo humu. Kwa hiyo tunamsemea sisi. Makosa aliyoandikiwa ni mawili. La kwanza, kwamba hakuhesabu. Hilo si lake. Alihesabu mara mbili na alipata sawasawa. Waliobadilishana nafasi bila kusema ni sisi. Tunakukabidhi karatasi hii, yenye sahihi za watu wote kumi na tisa, inayoeleza hivyo. Ndani yake kuna mchoro wa gati uliochorwa na Katibu, unaoonyesha geti, uzio, boti, na alama ya msalaba mahali alipokuwa amesimama na hotipoti. Mgeni wetu wa siku ile tumemwita "ndugu wa mwanachama" tu, na jina lake tumeliacha nje, nawe tunakuomba uliache huko huko.

La pili, kwamba aligeuza kabla ya kupewa ruhusa. Hilo ni lake. Hatulikani, wala hatutaki kuongeza uongo mwingine kwa ajili yake. Tunaliombea tu. Asubuhi alimwambia mama mmoja mwenye hofu, "nikienda, narudi," na jioni akatimiza. Sisi hatujui sheria za bahari. Tunajua kuwa abiria wako mmoja aliwahi kutenganishwa na mdogo wake na boti iliyoahidi kurudi, na tunajua alivyoshuka melini mwenu Montreal akiwa amenyooka mgongo. Dakika thelathini na nane ni kweli mlizipoteza. Kama lazima mtu azilipe, zigawanyeni kwa kumi na tisa. Kila mmoja wetu ni dakika mbili, na Katibu amesema atazichukua zake pamoja na za Mama Godelive.

Barua yenu ya radhi tunairudisha ndani ya bahasha yake, pamoja na kuponi za safari mlizotuwekea. Haikuwa yetu. Ukiona vyema, badilisha jina la juu, uandike la Chelagat. Tungependa aipate kabla ya Jumanne.

Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Wewe wito hukuukataa. Hili tulilokuitia tunaliacha mikononi mwako, na hatutakuuliza jibu leo mbele za watu. Lakini mwulize mama yako usiku wa leo, au mpigie kesho asubuhi akiwa amekunywa chai yake. Mweleze kwamba kuna mtu alimsindikiza dada yake akapitiliza, na mwingine akarudi nyuma kurudisha chombo. Bi. Gulzar atakuambia ni kosa la namna gani.

KUFUNGA

Tunamwombea Mungu akupe afya, ampe mama yako miaka mingine ya kuzuia magari kuondoka, azilinde meli zenu na wanaozifulia taulo, na ampe Joyeuse jibu jema kutoka kwa jaji. Na yule dada wa milimani, popote alipo majini jioni hii, arudishwe kwenye usukani wake.

Sasa, sambusa zipo, chai imechemka na maziwa, utaonja mwenyewe tofauti. Ukimaliza hutaondoka peke yako. Tutakusindikiza sote hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye gari, na mazungumzo yataanza upya dirishani. Usiwe na wasiwasi. Ukiwasha injini, Katibu atatuhesabu, naye ataanza na yeye mwenyewe, na safari hii wote tutakuwa nje.

Ni sisi wanachama wa Umoja wa Chai ya Alhamisi, Thorncliffe Park, Toronto.

Imesomwa na Tharcisse Bigirindavyi, Katibu, aliyebaki gatini.